Kinga moja haitoshi: mitufaha, bakteria na alama za vinasaba

Epo za Gala, zile za mistari myekundu juu ya ngozi ya njano, ambazo ukishuka stendi yoyote kubwa Dar unazikuta zimepangwa kwenye beseni, ni tamu kweli ila mti wake ni dhaifu. Sio dhaifu kwa jua wala ukame, ni dhaifu mbele ya bakteria mmoja anaitwa Erwinia amylovora. Huyu ndo analeta ugonjwa ambao hapa nitauita ugonjwa wa moto, kwa sababu mti ukishaupata maua na majani yanakuwa meusi yamebabuka, halafu hayadondoki, yanabaki yananing'inia hapohapo tawini mpaka baridi inaingia.

Mimi kazi yangu ni ya maabara, huku kaskazini mwa jimbo la New York, kwenye kituo kinachozalisha aina mpya za mitufaha, na muda mrefu nilikuwa nataka kuiandika hii kitu kwa Kiswahili. Nyumbani nikisema nashughulika na vinasaba vya miti, swali la kwanza ni "kwa hiyo mnatengeneza GMO?" Hapana jamani. Sehemu kubwa ya ninachofanya ni uzazi wa kawaida kabisa, chavua ya mti huu inapakwa kwenye ua la mti ule, linatoka tunda, ndani ya tunda kuna mbegu, tunaziotesha. Tofauti ni kwamba mche ukiwa bado una majani machache tu tunachungulia DNA yake kujua umerithi nini kwa baba na nini kwa mama. Hatuongezi kitu wala hatutoi kitu, tunasoma tu.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Huku huku New York, bonde la mto Hudson, bwana mmoja William Denning aliuona tangu 1780 na akaandika habari zake 1794. Baada ya hapo watu wakabishana karibu miaka mia, wengine wanasema ni baridi imegandisha utomvu, wengine wanasema wadudu, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1870 Thomas Burrill wa Chuo Kikuu cha Illinois akaonyesha kwamba ni bakteria. Hilo lilikuwa jambo zito kwa sababu hakuna aliyekuwa ameonyesha kabla yake kwamba mmea unaweza kuugua kwa sababu ya bakteria, yaani somo zima la magonjwa ya bakteria kwenye mimea limeanzia kwenye hii miti ya mapea na matufaha. Halafu 1891 Merton Waite akaonyesha kwamba nyuki wanaobeba chavua wanabeba na huyu bakteria pia.

Namna anavyoingia inabidi niieleze taratibu kidogo. Baridi ikiisha, kile kidonda cha mwaka jana kwenye gome kinaanza kutoa majimaji mazito ya rangi ya asali, na kila tone ni bakteria watupu. Nzi anatua, mvua inarusha, upepo unapeleka, wachache wanafika kwenye ua lililofunguka. Hawahitaji jeraha. Wanatulia pale kwenye ncha inayopokea chavua, na joto likipanda juu ya nyuzi 18 hivi wanazaliana kwa kasi mpaka ua moja linaweza kubeba bakteria milioni moja na zaidi, na ukiliangalia kwa macho ni zuri tu, jeupe, halina doa. Kisha inanyesha mvua ndogo, au hata umande mzito, wanateremshwa chini kwenye nekta ambako kuna vitundu vya asili, na wakishaingia ndani wanatumia kitu kama sindano ndogo sana kuchoma seli za mti na kuingiza protini zao zinazovuruga kinga. Siku chache baadaye ua limeshakuwa kahawia, chipukizi changa karibu yake linanyauka na ncha inajikunja kama bakora. Ukiona zile bakora kwenye shamba la mtu huna haja ya kuuliza ni ugonjwa gani.

Na haishii tawini. Anateremka. Mitufaha ya kisasa karibu yote imebebeshwa, juu ni Gala au Fuji, chini ni shina lingine linalofanya mti uwe mfupi na uzae mapema, na mashina mawili yaliyotumika sana, M.9 na M.26, yote ni hoi mbele ya huyu bakteria. Akifika pale chini mti mzima umekwenda. Mwaka 2000 kusini magharibi mwa Michigan mvua ya mawe na joto vilikuja kipindi kibaya, maelfu kwa maelfu ya mitufaha ikafa, hasara ikahesabiwa kama dola milioni 42. Haya ni mashamba ya familia, mengine miti ilikuwa ndo kwanza inaanza kuzaa na mkopo wa kuipanda haujalipwa.

Sasa kwa nini mtu wa Muleba, Kagera, kama mimi anaumia na habari za Michigan. Nimekulia kwenye kibanja, na kibanja kwa Muhaya ndo maisha yenyewe, ndizi, maharage, kahawa, makaburi ya wazee, vyote viko humo. Ule mnyauko wa migomba ulioonekana Uganda mwaka 2001 na ukavuka kuja Kagera katikati ya muongo ule nao ni bakteria, ukoo mwingine, Xanthomonas, lakini tabia zinafanana mpaka inatisha: wadudu wanaupeleka kwenye ua dume, majimaji ya njano yanatoka ukikata, panga moja linatoka mgomba huu kwenda ule na kuambukiza safu nzima. Nakumbuka mkungu unaiva kabla ya wakati, ukipasua ndizi ndani ina madoa ya kutu, hailiki na hata ng'ombe hapewi. Mama na majirani walifundishwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye uma badala ya panga, na kupitisha panga kwenye moto. Ilisaidia sana, ila migomba yenyewe haikuwa na kinga hata kidogo, ulinzi wote ulikuwa ni mikono ya watu. Nilipokuja huku nikakuta watu wanatafuta kinga iliyo ndani ya mti wenyewe, nikajua hii ndo kazi ninayoitaka.

Dawa zipo, usinielewe vibaya. Tangu miaka ya 1950 wakulima wa hapa wanapulizia streptomaisini wakati wa maua, antibiotiki ileile ambayo imewahi kutibu kifua kikuu kwa binadamu. Inafanya kazi, lakini lazima uipige karibu na saa ya maambukizi, ukichelewa siku mbili umepoteza pesa, na 1971 huko California walishakuta bakteria ambao haiwafanyi kitu. Mimi binafsi sipendi kuona antibiotiki ya binadamu inamwagwa kwenye shamba la hekari mia, japo namwelewa mkulima anayeimwaga maana mbadala wake ni kukata tawi sentimita 30 chini ya pale ugonjwa unapoonekana, mti kwa mti, huku unaomba Mungu mvua isirudi.

Kinga ya asili ipo kwenye mitufaha ya porini na jamaa zake. Maarufu kuliko yote ni mti mmoja unaitwa Malus robusta 5, wenye asili ya Asia, matunda yake ni madogo na makali, hakuna mtu atakayeyanunua. Watu wa Geneva, mji mdogo hapa New York na sio ile ya Uswisi, walianza 1968 kuuoanisha na mashina mafupi ili wapate mashina ya chini yasiyokufa kwa ugonjwa wa moto, na leo mashina kama G.41 yanapandwa kwa wingi na ni watoto wa Robusta 5. Kwa shina la chini ilikuwa rahisi kidogo kwa vile hakuna anayekula shina. Lakini kumbuka kinga ya shina haipandi juu, Gala iliyobebeshwa juu ya G.41 bado inaungua matawi, ila mti unabaki hai na mwaka unaofuata unachipua.

Kupeleka kinga kwenye tunda lenyewe ndo kazi ngumu. Ukioanisha Robusta 5 na tufaha zuri, watoto wote wanatoka na vitunda vidogo vichachu. Unachukua wale wenye kinga unawaoanisha tena na tufaha zuri, tunda linakua kidogo, tena, na tena. Kila kizazi mche unaweza kukaa miaka minne mpaka saba kabla haujatoa ua la kwanza. Hata bila kinga yoyote ya porini, aina ya Honeycrisp iliyotokana na uoanishaji wa 1960 ilifika kwa wakulima 1991. Fikiria ukiongeza vizazi vinne vya kuondoa uchachu, mzalishaji wa miti anastaafu bado hajaonja anachokitafuta.

Zamani kujua mche una kinga kulikuwa na njia moja: kuuambukiza. Tunafanya hivyo mpaka leo na ni kazi ya mikono. Unachukua mkasi, unauchovya kwenye maji yenye bakteria, unakata vijani viwili vichanga pale juu kabisa, unaenda mche unaofuata unachovya tena. Grinihausi inakuwa na joto na unyevu kama Bukoba mwezi wa nne. Baada ya wiki tatu nne unarudi na rula, unapima weusi umeshuka sentimita ngapi na chipukizi zima lina urefu gani, unatoa asilimia. Dhaifu unakuta meusi mpaka chini, zenye kinga weusi umesimama palepale ulipokata. Ni kipimo kizuri, ila kinakula nafasi, kinataka chumba chenye ulinzi maana unashika bakteria hatari, na mche mmoja haukupi jibu la uhakika, inabidi uubebeshe upate nakala kadhaa ndo uziambukize zote.

Alama za vinasaba zikabadilisha mambo. DNA ya mtufaha ina kromosomu 17, kila moja kwa jozi, na herufi zaidi ya milioni 600, ikachapishwa kwa mara ya kwanza 2010 kutoka kwenye Golden Delicious. Alama ni mahali ambapo herufi za mzazi mwenye kinga zinatofautiana na za mzazi dhaifu, na mahali hapo pako jirani na jeni ya kinga. Jirani ndo neno muhimu. Wakati wa kutengeneza chavua na yai kromosomu mbili za jozi zinabadilishana vipande, kwa hiyo alama iliyo mbali na jeni inaweza kuachana nayo, mche ukabaki na alama lakini kinga imeenda upande wa pili. Ndo maana tunatumia alama mbili, moja kila upande wa jeni, mche ukiwa nazo zote unaamini kilichopo katikati kimekuja pia.

Kwa vitendo iko hivi: asubuhi miche iko kwenye trei, kila mmoja na namba yake, natoboa jani kwa kitoboleo kidogo, kiduara cha jani kinaingia kwenye sahani ya vishimo 96, shimo A1 mche wa kwanza, A2 wa pili, na hapo ndo unatakiwa usiongee na mtu maana ukiruka shimo moja sahani nzima imeharibika. Tunatoa DNA, mashine ya PCR inaizidisha ile sehemu tunayoitaka, jioni au kesho yake kompyuta inaonyesha nani kapata na nani hana. Kwa Robusta 5 ni kama nusu kwa nusu kila kizazi. Ile nusu isiyo na kinga inatoka siku hiyohiyo, hatuipandi shambani, hatuilishi miaka sita kwa matumaini.

Watu wengi wanadhani faida yake ni hiyo ya haraka, na hata mimi nikiwaeleza wageni naanzia hapo kwa vile inaeleweka. Lakini kuna kitu kikubwa zaidi na kukieleza inabidi nirudi kwenye jeni yenyewe.

Mwaka 2007 kundi la Andreas Peil, Ujerumani, kwenye taasisi ya utafiti ambayo leo inaitwa Julius Kühn-Institut pale Dresden, lilionyesha kwamba kinga ya Robusta 5 karibu yote inatoka sehemu moja, kwenye kromosomu ya 3, inaeleza mpaka asilimia 80 ya tofauti kati ya miche inayoungua na isiyoungua. Baadaye jeni ikapatikana, ikaitwa FB_MR5, na 2014 watafiti wa Uswisi wakaiingiza kwenye Gala kwa uhandisi wa vinasaba na ile Gala ikawa na kinga, hapo ndo ni GMO kweli, na lengo lilikuwa kuthibitisha kwamba jeni hiyo peke yake inatosha. Inatosha, ndio. Inafanya kazi kwa kutambua dalili za protini moja ya bakteria inaitwa AvrRpt2, ikizihisi tu inaamsha ulinzi wote wa mti.

Ila kuna tatizo, na 2013 ndo chanzo chake kikaelezwa. Kuna aina za bakteria Amerika Kaskazini ambazo ile protini yao imebadilika sehemu moja tu, kijenzi namba 156 kwenye mnyororo wake, kilichokuwa aina inayoitwa sisteini kimekuwa aina nyingine, serini, na kilichofanya hivyo ni herufi moja ya DNA. Herufi moja. Jeni ya Robusta 5 haiwatambui tena na mti unaungua kama Gala. Hebu fikiria unatumia miaka 25 kuingiza kinga kwenye tunda zuri, wakulima wanapanda hekari elfu kumi, kumbe bakteria anayeijua njia ya kupita yuko tayari Kanada.

Kwa hiyo unataka mti wenye kinga mbili au tatu zinazofanya kazi kwa njia tofauti, ili bakteria akipita moja akutane na nyingine. Na hapo mkasi na rula havikusaidii kabisa. Mche wenye jeni moja kali hauungui, wenye mbili nao hauungui, ukiisimamisha pembeni huoni tofauti yoyote. Ningependa mtu akisoma makala hii abaki na hili hata akisahau mengine yote: ugonjwa wenyewe hauwezi kukwambia mti una kinga ngapi. DNA tu ndo inakwambia. Bila alama utachagua miche mizima ukadhani una hazina, kumbe yote imesimama kwenye jeni moja.

Kinga nyingine zipo. Mtufaha wa porini wa pwani ya magharibi ya Amerika, Malus fusca, una kinga kwenye kromosomu ya 10, iliyochorwa ramani na Ofere Emeriewen na wenzake pale pale Dresden, na mimi ndo ninayoipenda zaidi kwa sababu ilijaribiwa hata mbele ya bakteria mkali wa Kanada aliyeivunja Robusta 5 na bado kinga yake ikaonekana. Evereste, mtufaha wa mapambo, una yake kwenye kromosomu ya 12. Halafu kuna ile ya kromosomu ya 7 kutoka Fiesta, hiyo haizuii ugonjwa, inaupunguza tu, ila Fiesta ni tufaha la kuliwa tayari kwa hiyo huburuzi uchachu wa porini nyuma yako. Wengine wanaidharau kwa sababu ni dhaifu, mimi naona wanakosea, kinga ndogo inayokuja na tunda zuri ina kazi yake ikiwa pamoja na kubwa.

Hesabu ndo inauma. Mzazi mmoja ana jeni ya Robusta 5, mwingine ana ya fusca, robo tu ya watoto watapata zote mbili. Ukitaka tatu ni mmoja kati ya wanane, na hao wachache bado hujauliza kama tunda lao lina utamu, linang'atika, linakaa stoo mpaka mwezi wa tatu. Ili vizazi viende haraka Wajerumani walichukua jeni ya maua ya mti wa bechi (birch kwa Kiingereza) wakaiingiza kwenye mtufaha, ukawa unachanua ndani ya miezi badala ya miaka, na watafiti wa Uswisi kwa njia hiyo walifika kizazi cha tano ndani ya miaka 7. Uzuri ni kwamba kizazi cha mwisho unachagua kwa alama wale watoto ambao hawakurithi ile jeni ya bechi, mti unaobaki una jeni za mitufaha tu. Kisheria mabishano bado yapo kwenye nchi nyingi, mimi naunga mkono.

Sasa migomba. Naulizwa sana kwa nini tusifanye hivihivi na mnyauko. Mgomba pori wa Asia, Musa balbisiana, una kinga kali dhidi ya ule mnyauko, hilo linajulikana. Lakini ndizi zetu za kupika za ukanda wa maziwa makuu zina seti tatu za kromosomu na karibu hazitoi mbegu, kila mgomba ni chipukizi la mama yake, na mbegu chache zinazopatikana zinaoteshwa maabara kwa tabu kweli. Uganda wamezalisha chotara za ndizi za kupika kwa njia hiyo, inawezekana, na wengine wakaingiza jeni za pilipili hoho kwenye migomba na majaribio ya shambani yakaonyesha kinga. Ila mwenzangu wa kilimo unayesoma hii, ukisikia kinga ya mnyauko imepatikana uliza ni jeni ngapi, na kama jibu ni moja usifurahie bado, maana bakteria wa kibanja hana tofauti na wa Kanada, naye anabadilika.

Na misitu tuitunze. Jamaa wa porini wa tufaha tunalokula wako milima ya Tian Shan, Kazakhstan, na watafiti wa Marekani walikwenda huko kuanzia 1989 wakarudi na mbegu ambazo leo ni miti mikubwa pale Geneva. Ugonjwa wa moto nao umeshafika Kazakhstan, na misitu yenyewe inakatwa kupisha miji. Kila mti unaopotea kule unaweza kuwa ndo ulikuwa na jeni tusiyoijua bado.

Msimu huu tuna trei za watoto wa Robusta 5 na fusca, kizazi cha tatu kutoka porini. Alama zimeshasomwa, robo yenye zote mbili imetengwa na kubebeshwa nakala. Wiki ijayo tunaanza mkasi, na bakteria tutakayemtumia ni yule mwenye serini kwenye 156.